Ijumaa ya Kupima Nywele

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Leo Mama Mizizi ametangaza. Ajira ya kudumu ni moja. Sisi wa mkataba tuko wawili, mimi na Miwani. Mmoja atabaki, mwingine atafungasha virago.

Niandike kabisa nani ni nani, nisije nikawasahau watu wadogo siku nikiwa mkubwa. Mama Mizizi ndiye mkuu wetu hapa kituo cha utafiti wa malisho. Ni daktari wa mimea. Jina hilo alipewa kwa sababu anaweza kuongea juu ya mizizi mpaka chai yake ikapoa, ukimletea nyingine nayo ikapoa. Miwani ni msichana wa meza ya pili. Anavaa miwani, basi. Hacheki ninapotania. Tangu tuanze kazi sijawahi kuyaona meno yake.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya kitalu nyumba, lile banda la kuoteshea mimea, kuna meza mbili ndefu zilizojaa makopo ya klova. Klova ni jani la malisho, la jamii ya kunde, ng'ombe hulila kama watoto wanavyokula biskuti. Udongo wa kwenye makopo umechaguliwa makusudi uwe hauna fosforasi ya maana, yaani kile chakula cha mmea kinachotiwa kwenye mbolea. Meza yangu ina mbegu ya aina moja, ya Miwani aina nyingine. Mama Mizizi anataka kujua ni mbegu gani inaweza kuishi kwa shida, ili awapelekee wafugaji wasio na uwezo wa kununua mbolea. Sisi tunamwagilia maji matupu na kungoja. Atakayetunza vizuri ndiye atakayebaki.

Nimemwambia Dada jioni. Amefurahi mpaka akakaa chini. Shemeji hakukaa. Amesema kwa upole, na upole wake ndio unaonitia hofu, kwamba nikipata ajira nitapanga chumba, nisipopata nitapanga chumba vilevile, maana mwisho wa mwezi huu wanawe wanarudi kulala chumbani mwao. Watoto wanalala sebuleni tangu nilipokuja kukaa wiki mbili tatu. Nilikuja mwaka juzi.

Dada aliniongezea chakula.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Nimeitazama klova yangu kwa jicho la mwajiri. Aibu! Majani madogo, yamekunjamana, mengine yanaingia zambarau. Ya Miwani ni hivyo hivyo, lakini ya kwangu inaniuma zaidi kwa sababu ni ya kwangu.

Nikafikiri. Kama wote tunamwagilia maji matupu, wote tutakuwa na majani ya huruma, na Mama Mizizi atachagua kwa kumwangalia mtu usoni. Hapo Miwani atanishinda. Ana uso wa kuaminika.

Stoo kuna mfuko wa mbolea ya kupandia, ile yenye fosforasi tele. Umechanika kwenye kona na unamwagika wenyewe. Kuokota kitu kilichomwagika si kuiba, ni usafi. Nimefanya usafi mfuko mzima wa koti.

Mpango: naiyeyusha nyumbani kwa maji ya moto, naitia kwenye chupa ya chai, naingia nayo kazini kama mtu yeyote mwenye chai yake. Wenzangu wakienda kula mchana, mimi nawanywesha watoto wangu. Nimejishangaa jinsi lilivyokuwa jambo rahisi.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Chupa imefanya kazi siku mbili bila mtu kushtuka. Leo nimepata na silaha ya pili, tena Mama Mizizi mwenyewe ndiye aliyenipa.

Alituita mezani kwa Miwani akaanza somo. Nilisimama karibu na mlango, pana upepo. Alisema fosforasi si kama maji. Maji yanamfuata mzizi, fosforasi haitembei. Inakaa pale pale ilipo, imeng'ang'aniwa na udongo, hasa udongo mwekundu, ambao ukiikamata hauiachii kirahisi. Mzizi unaweza kuwa upande huu na fosforasi upande ule, karibu kabisa, na bado mmea ukafa njaa.

Hapo taa iliwaka kichwani mwangu. Udongo mwekundu! Nyuma ya stoo kuna shimo lote la udongo mwekundu.

Mama Mizizi akaendelea, akasema sasa sikilizeni vizuri, maana jambo kubwa ni kile mzizi unachofanya ukiona njaa. Mimi nilishapata nilichokuwa nakitaka. Nikasema nahisi simu yangu inaita, nikatoka.

Mchana walipokwenda kula nikalipitia kila kopo la Miwani. Konzi ya udongo mwekundu juu, nachanganya kwa kijiti, namwagia maji ushuke. Fosforasi yake kidogo aliyo nayo ikamatwe hukohuko. Kisha nikaenda meza yangu nikafungua chupa ya chai.

Yangu inashiba, yake inafunga. Nimekula vizuri sana jioni.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Leo nusura.

Mlinzi wa getini ni mtu mzima, mpole, ana baridi yabisi na anapenda kitu cha moto. Amenisimamisha asubuhi. Amesema kila siku ananiona napita na chupa kubwa ya chai, na hata siku moja sijamkaribisha. Tayari alikuwa ameshika kikombe.

Nikamwambia haijaiva. Akasema chai iliyoko kwenye chupa imekwisha kuiva. Nikamwambia haina sukari. Akasema daktari amemkataza sukari, kumbe tumeandikiwa kunywa pamoja! Akanyoosha mkono. Kifuniko kilishaanza kuzunguka.

Nikasema ni dawa ya minyoo.

Aliirudisha chupa kana kwamba imemuuma. Kisha akanitazama kwa huruma kubwa, akanishika bega, akaniambia pole sana mdogo wangu, nipite. Nilipita. Miguu yangu ilinifuata baadaye.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Mlinzi amewaambia watu wote. Kwa nia njema, ndivyo alivyosema.

Mama Mizizi aliniita pembeni kama mama mzazi. Akaniambia ugonjwa si aibu, lakini mtu anayeshika udongo lazima atibiwe kwanza. Akamtuma Miwani anisindikize zahanati. Muuguzi akanipa vidonge vikubwa, akasimama mbele yangu mpaka nivimeze. Nilimwambia nitavimezea nyumbani. Akasema wote husema hivyo.

Miwani alinisubiri nje na maji ya kunywa. Njiani aliniambia nisijali, jana na leo amenimwagilia klova yangu. Nikamuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali kama ameona chochote. Akasema ndiyo, majani yangu yanastawi kuliko yake, hongera. Kisha akasema kuna kitu cheupe kama chumvi kwenye midomo ya makopo yangu, je, ni maji ya bomba? Nikasema ni maji ya bomba.

Kwa nini ananisaidia? Mtu hawezi kumwagilia makopo ya mshindani wake bure. Namchunguza.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Klova yangu imenona. Majani mapana, yamesimama, kopo halionekani. Ya Miwani ni vijani vitatu vitatu vya kuomba msaada. Mlinzi mwenyewe alichungulia mlangoni akauliza ile meza ya wagonjwa ni ya nani.

Mama Mizizi alisimama mbele ya meza yangu muda mrefu. Aligusa jani, akagusa udongo, akatazama kidole chake, akaenda zake. Sikupenda alivyotazama kile kidole.

Nyumbani Shemeji amepima chumba cha watoto kwa futi kamba. Nilikuwa nimelala humo. Aliniomba tu niinue miguu.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Tangazo ubaoni! Mwandiko wa Mama Mizizi: IJUMAA TUNAPIMA NYWELE. WOTE MUWEPO. MSIHARIBU.

Nimelisoma kabla ya mtu mwingine yeyote, na nimelielewa palepale. Wiki iliyopita alimwambia Miwani afunge nywele zake vizuri kwa sababu unywele ukianguka kwenye sampuli unaharibu kipimo. Sasa amefika mwisho wa uvumilivu, anataka kutukagua kichwa kwa kichwa. Na Miwani ana misuko mpaka mgongoni.

Nimelibandua tangazo, nimelikunja, nimelitia mfukoni. Asiyejua na asijue.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Nimekwenda kwa kinyozi. Akaniuliza nataka mtindo gani. Nikamwambia asibakize hata mmoja. Akasema nina nywele nzuri, nitajuta. Nikamwambia kuna ajira ya kudumu mbele yangu. Akaniambia hata nyusi? Nikafikiri kidogo, nikasema nyusi aziache.

Kipara safi. Nimejiangalia kwenye dirisha la duka nikaona mtu mwenye pensheni.

Mpwa wangu mdogo alinipapasa kichwa akacheka mpaka akapaliwa. Dada aliniuliza kama nimefiwa na mtu kazini. Nikamweleza: kesho ni kesho, Mama Mizizi anakagua, na baada ya hapo anatangaza. Dada akaniambia amemwahidi Shemeji kwamba safari hii nitapata. Amemwahidi kwa jina lake mwenyewe. Alisema hivyo huku anakunja nguo za watoto, hakuniangalia.

Usingizi hauji. Lakini sina sababu ya kuogopa. Meza yangu ni msitu na kichwa changu ni yai.

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Naandika kwa sababu nikilala nitaiota.

Nilifika wa kwanza. Nilikaa karibu na dirisha ili mwanga unipige kichwani. Miwani aliingia na misuko yake yote, hana habari. Nilimwonea huruma kidogo, ile huruma ya mtu aliyekwishashinda.

Mama Mizizi aliingia na beseni, chekecheke na hadubini ile inayoonyesha picha kwenye kioo kama televisheni. Alinitazama. Akauliza nimepatwa na nini. Nikainuka, nikainamisha kichwa mbele yake, nikasema niko tayari kupimwa nywele, sijaharibu, nimetoa zote.

Halafu nikasikia sauti nisiyoijua. Ilikuwa ni Miwani, anacheka. Meno yake ni mazuri, nakiri. Alicheka mpaka akavua miwani. Aliniambia katikati ya machozi kwamba nywele ni za mizizi, vile vinywele vyembamba vinavyoota ubavuni mwa mzizi, tumevijadili semina nzima, na tena siku ile mezani kwake. Semina ile nilikaa kiti cha nyuma, kile chenye mto. Na siku ile ya mezani simu yangu iliita.

Mama Mizizi hakucheka. Alisema tuanze.

Wakaanza na kopo la Miwani. Walililoweka, wakaosha udongo taratibu juu ya chekecheke, tone kwa tone, mpaka mzizi ukabaki peke yake. Ukatandazwa kwenye maji chini ya hadubini. Nikaona kwenye kioo kitu chenye manyoya. Mzizi mwembamba, umejaa nywele pande zote, ndefu, zimesongamana kama za paka aliyenyeshewa na kukauka. Mama Mizizi alisema kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kuona nyingi hivyo kwa mbegu hii. Vijani vitatu juu, na chini kazi yote ile.

Kisha akasema la kwangu.

Msitu wangu uling'olewa. Wakaosha. Wakatandaza. Nikaukazia macho mzizi wangu kwenye kioo. Mnene, mweupe, laini. Waya wa umeme una vumbi kuliko ule. Hapakuwa na unywele. Alisogeza picha huku na huku, hapakuwa na unywele. Akachukua kopo jingine, na jingine. Wote vipara.

Hapo wote wawili waligeuka wakanitazama kichwani, na nikajua nimekwisha.

Mama Mizizi alikwangua ule weupe kwenye mdomo wa kopo langu akauweka kwenye karatasi. Alikwangua wekundu uliobaki kwenye kopo la Miwani akauweka kando yake. Miwani alisema alidhani wekundu ule ni sehemu ya jaribio, ndiyo maana hakuuliza. Mama Mizizi alisema hapana. Akaniuliza mimi. Nikasema huenda ni upepo. Nilipomaliza kusema niliyatazama madirisha ya kitalu nyumba. Hayafunguki. Yalijengwa hivyo.

Sakafuni, kutoka mlangoni mpaka meza ya Miwani, kulikuwa na alama hafifu nyekundu za viatu. Zilikuwa pale wiki zote hizi. Viatu ni vya kwangu, kisigino cha kushoto kimelika upande mmoja.

Nilitegemea apige kelele. Kelele ningeziweza. Alivuta kiti akakaa karibu nami, akasema polepole kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu:

"Mmea wenye njaa unaota nywele ili ukatafute. Unatoa na majimaji makali ya kulainisha udongo, unafanya urafiki na kuvu wauletee kutoka mbali. Wa kwako umepelekewa mdomoni kila siku. Utafute nini?"

Akaendelea kwamba zile nywele za Miwani nazo hazimfai, kwa sababu hajui ni za mbegu au ni za udongo wangu mwekundu. Meza zote mbili zimeharibika. Msimu umekwenda. Wafugaji waliokuwa wanangoja mbegu watangoja tena. Alisema hivyo akiutazama mzizi kwenye kioo, siyo mimi, na macho yake yalikuwa mekundu. Miwani alikuwa ameacha kucheka zamani.

Ajira ni ya Miwani. Mkataba wangu umeishia leo. Mlinzi alinifungulia geti, akaniuliza kama minyoo imepona.

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Nimemweleza Dada. Nilimweleza nikiwa nakula, ili iwe rahisi.

Nilimwonyesha jinsi nilivyoonewa. Kama wanataka mizizi yenye nywele, si waseme mizizi? Na mtu unampaje ajira aliyedhoofisha klova, unamfukuza aliyeinenepesha? Nikarudia na maneno ya Mama Mizizi, neno kwa neno, aone ukatili wake. Kwamba mmea wangu umelishwa mdomoni ndiyo maana hauoti nywele. Kwamba utafute nini.

Dada aliuweka mwiko chini. Aliangalia sahani yangu. Akaangalia sufuria. Akaangalia sebuleni, watoto walikuwa wamelala kwenye mkeka mmoja, miguu imevuka mipaka. Machozi yalianza kumtoka bila sauti. Nikadhani hatimaye ameona nilivyoonewa.

"Kuanzia kesho usingoje sahani yangu," alisema.

Nilicheka. Hakucheka. Nikamuuliza kama ni Shemeji aliyemfundisha. Akasema Shemeji alikuwa anayasema haya tangu mwaka juzi, na yeye ndiye aliyekuwa anasimama katikati yetu kila siku, na kwamba amechoka kusimama. Alisema ananipenda. Alisema ndiyo maana.

Kosa langu ni kurudia maneno ya watu.

Alhamisi, tarehe 26 Juni

Njaa ni kitu kibaya. Inamfanya mtu atembee.

Jumapili nilikaa kitandani kuona kama Dada atalainika. Nilisikia vijiko vya watu wengine. Jumatatu nikatoka, siyo kutafuta kazi, kutafuta hewa. Hewa ya nje ikanipitisha mlangoni kwa fundi wa pampu, nikajikuta nauliza kama anahitaji mtu. Hahitaji. Nikapita kwenye kiwanda cha maziwa, nikauliza. Waliniambia niache namba. Nikaenda kwa muuza vifaa vya kilimo, tukaongea, nikamweleza kuhusu fosforasi na udongo mwekundu na vinywele, akanisikiliza mpaka akasahau mteja. Nilishangaa kuona ninayajua yote yale. Nadhani yaliingia wakati nimelala.

Leo Miwani amenitumia ujumbe. Amesema kuna mwenye kitalu cha miche upande ule wa mto anatafuta mtu wa kumsaidia, amemtajia mimi, na amemwambia ukweli wote, hata chupa ya chai. Mwenye kitalu alicheka akasema niende Jumatatu asubuhi na mapema, atanijaribu. Ana na kibanda cha kulala mfanyakazi.

Bado namchunguza huyu Miwani. Lakini nimeosha shati.

Jambo moja la ajabu. Nikijipapasa kichwani nasikia vinywele. Vimeota vyote kwa pamoja, vifupi, vikali. Dada alikutana nami mlangoni asubuhi nikitoka, akavipitishia kiganja kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, akatabasamu. Sikumbuki mara ya mwisho alipotabasamu hivyo kwa ajili yangu. Nilitembea mpaka barabarani huku najipapasa palepale alipopapasa.

Jumapili, tarehe 29 Juni

Mambo yamenyooka!

Shangazi amesikia habari zangu. Sikumtafuta, nilimpigia tu kumsalimia na kumweleza kila kitu. Shangazi analia haraka, Mungu ambariki. Alisema damu yake haiwezi kulala njaa wakati yeye ana chumba kitupu na sufuria kubwa kuliko watu waliomo ndani ya nyumba. Nikahama mchana huohuo. Watoto walinisaidia kubeba, na nadhani walikimbia zaidi ya ilivyohitajika. Shemeji alinipa mkono kwa nguvu. Dada alisimama mlangoni na kitambaa mkononi, akaniuliza kama kesho bado nitakwenda kwa yule mwenye kitalu. Nikamwambia bila shaka.

Sasa nimefika. Kitanda kina mto. Shangazi amepakua mara mbili kabla sijamaliza mara ya kwanza, akasimama juu yangu kuhakikisha sahani haibaki na nafasi. Ananiita mwanangu, anasema nimekonda, nipumzike kwanza, kazi haikimbii.

Nimefikiri juu ya kesho. Mwenye kitalu yuko upande ule wa mto, na kutoka hapa mtu lazima aamke gizani. Si haki kumfikia mwajiri mpya ukiwa umechoka. Nimemtumia ujumbe kwamba nina minyoo. Hiyo hakuna anayeibishia.

Nimegundua pia Mama Mizizi alikosea wapi. Alisema mmea ukilishwa hauoti nywele, akadhani ni hasara. Lakini nywele ni za nini kama chakula kipo? Nywele zenyewe zinawasha. Jirani wa Shangazi ni kinyozi, kesho nikiamka nitamwona.

Shangazi amenifunika shuka, ameniuliza kwa furaha nitakaa naye muda gani. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, ni wiki mbili tatu tu.